Leza kwa Glaukoma Sugu: Mwongozo kwa Mgonjwa wa Opala na Wanaomhudumia

Glaukoma ni kundi la magonjwa yanayoiua neva ya jicho polepole, mara nyingi kwa sababu maji yaliyomo ndani ya jicho yamezidi msukumo. Wengi huiita presha ya macho. Presha hiyo na presha ya damu ni vitu viwili: mtu anaweza kuwa na presha ya damu iliyo sawa kabisa huku jicho lake likiharibika, na kidonge cha moja hakitibu nyingine. Presha ya jicho hupimwa kwa milimita za zebaki, na kwa watu wengi huwa kati ya 10 na 21.

Neva ya jicho ina nyuzi zipatazo milioni moja, na uzi ukishakufa haufufuki. Kwa hiyo matibabu yote ya glaukoma, yawe ya matone, ya kisu au ya leza, yana lengo moja tu: kulinda uoni uliobaki. Hakuna hata moja linalorudisha uoni uliopotea. Mgonjwa na ndugu zake wanapaswa kulielewa hilo kabla familia haijachanga nauli, kwa sababu anayesafiri akitarajia kuona upya hurudi akiamini amedanganywa, na mara nyingi huacha dawa.

Bara la Afrika lina mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba karibu watu 5 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 hadi 80 barani wana glaukoma. Uchunguzi uliofanywa vijijini Kongwa, katikati ya Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2000, uliikuta kwa watu 4 hivi katika kila 100 waliozidi miaka 40. Aina iliyo ya kawaida, ile ya pembe iliyo wazi, haiumi wala haifanyi jicho kuwa jekundu. Inaanza kula pembezoni mwa uwanja wa kuona, na mgonjwa huigundua anapokuwa tayari anajikwaa kwenye mizizi ya njiani au kumgonga mtu aliyekuwa kando yake.

Glaukoma inaitwa sugu lini

Glaukoma huitwa sugu pale presha inapobaki juu licha ya matone yote ambayo mgonjwa anaweza kuyavumilia, au pale upasuaji uliokwisha kufanywa umeziba. Aina nyingine huwa sugu tangu mwanzo: ile inayoletwa na mishipa mipya ya damu kuota ndani ya jicho kwa mgonjwa wa kisukari au aliyeziba mshipa wa retina, ile inayofuata jeraha la jicho, ile inayotokana na uvimbe wa ndani wa muda mrefu, na ile ya watoto.

Kabla ya kutoa hukumu hiyo, kuna mambo manne ya kuhakikisha, na muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuanza nayo.

Kwanza, je, matone yanaingia kweli ndani ya jicho? Mgonjwa aombwe atie tone mbele ya muuguzi. Namna iliyo sahihi ni kulala chali au kuinua uso, kuvuta kope la chini kwa kidole mpaka uonekane mfuko mdogo, kudondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho, kufumba, kisha kubana kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika mbili au tatu. Kubana huko hulizuia tone kukimbilia koo na moyo. Penye dawa mbili, ya pili husubiri dakika tano hadi kumi. Wagonjwa wengi huonekana wakidondosha tone shavuni, au wakitia matone manne kwa mpigo hadi chupa ya mwezi ikaisha ndani ya wiki.

Pili, je, dawa bado ni nzima? Chupa iliyofunguliwa isizidi wiki nne. Latanoprosti isiyofunguliwa inatakiwa kukaa kwenye friji, jambo gumu Opala, katika mkoa wa Tshopo nchini Kongo. Ikifunguliwa, ihifadhiwe pahali penye kivuli pasipozidi nyuzi 25. Timololi huvumilia joto zaidi, lakini haipewi mwenye pumu wala mwenye moyo unaopiga polepole mno.

Tatu, je, mgonjwa anatumia matone mengine? Matone yenye deksamethasoni na dawa za jamii yake, yanayouzwa madukani na sokoni kwa ajili ya macho mekundu au yanayowasha, huweza kupandisha presha ya jicho bila dalili yoyote. Kuyaacha, kwa ushauri wa mtaalamu, kunaweza kuishusha presha iliyodhaniwa kuwa sugu.

Nne, je, tatizo ni glaukoma kweli? Kando ya mito ya Tshopo, usubi, yaani upofu wa mtoni unaoenezwa na nzi weusi wadogo, umewaacha wengi na macho mabovu. Minyoo yake huweza kuleta uvimbe wa ndani unaoziba njia za maji, na hiyo ni glaukoma ya kweli. Lakini huweza pia kuikausha neva moja kwa moja huku presha ikiwa ya kawaida. Jicho la namna hiyo halisaidiwi na leza yoyote, kwa sababu leza hushusha presha na hapo hakuna presha ya kushusha.

Leza hufanya nini: aina nne

Leza ni mwanga wa rangi moja uliokusanywa ukawa na nguvu ya kupasha joto au kutoboa mahali padogo sana. Katika glaukoma hutumika kwa kazi mbili zilizo kinyume: kufungua njia ya maji kutoka, au kupunguza maji yanayotengenezwa. Maji hayo, ambayo si machozi, hutengenezwa bila kukoma na mwili wa siliari, pete ya nyama laini iliyo nyuma ya irisi, na kutoka kupitia chujio lililo kwenye pembe ambapo irisi inakutana na konea.

*Leza ya chujio*, ambayo madaktari huiita SLT, huelekezwa kwenye pembe hiyo. Mgonjwa huketi mbele ya mashine akiwa ametiwa tone la ganzi, daktari huweka lenzi juu ya jicho na kupiga mapigo 100 hivi, kila moja likidumu sehemu tatu za bilioni moja ya sekunde. Hakuna kidonda. Mapigo huziamsha seli za chujio zisafishe njia yake. Matokeo huonekana baada ya wiki nne hadi sita, na leza inaweza kurudiwa. Ushahidi mmoja ulio karibu na Kongo ya mashariki ulitoka Moshi, Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, na kuchapishwa mwaka 2021. Wagonjwa 201 wenye presha ya juu waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa matone ya timololi na nusu SLT. Baada ya mwaka mmoja, leza ilikuwa imefaulu kwa macho 61 katika kila 100, na timololi kwa 31. Waliotibiwa hawakuwa na ugonjwa mchanga tu. Wengi walifika hospitalini ukiwa umesonga mbele. Huko Uingereza, utafiti wa wagonjwa 718 uliotolewa mwaka 2019 uliona kwamba karibu robo tatu ya walioanza na SLT waliishi miaka mitatu bila kuhitaji tone.

Kwa mtu aliye mbali na duka la dawa, SLT ina faida isiyohitaji hesabu kubwa: haiibiwi, haiishi njiani, wala haidai friji. Lakini huhitaji pembe iliyo wazi na inayoonekana vizuri. Haifai kwa glaukoma ya mishipa mipya wala ya uvimbe, na nguvu yake ya kushusha presha ni ya wastani. Jicho lenye presha ya 45 litahitaji zaidi ya hapo.

*Leza ya kutoboa irisi* ni ya pembe iliyofungika. Irisi ikikaa mbele mno huziba chujio, na presha huweza kupanda ghafla kwa maumivu makali, kichefuchefu na kuona pete za rangi kuzunguka taa. Daktari humtia mgonjwa matone ya pilokapini ili irisi inyooke, kisha hutoboa kitundu kidogo karibu na ukingo wake wa juu. Maji hupata njia ya mkato na pembe hufunguka. Irisi za kahawia nzito, kama zilivyo za Waafrika wengi, ni nene na huhitaji mapigo mengi zaidi. Leza hii hukinga zaidi kuliko kuponya: pembe iliyokwisha kushikamana kwa miezi haitafunguliwa na kitundu.

*Leza ya siliari* ndiyo hasa leza ya glaukoma sugu. Badala ya kuhangaika na njia ya kutokea, hupunguza maji yanayotengenezwa. Mwanga wa dayodi wenye urefu wa wimbi wa nanomita 810 hupita kwenye weupe wa jicho bila kuukata, hufyonzwa na rangi nyeusi ya mwili wa siliari, na kuziunguza baadhi ya seli zinazotengeneza maji. Haijali kama pembe iko wazi au imefungwa, wala kama konea ina ukungu. Kwa muda mrefu iliwekwa akiba kwa macho yaliyokwisha kupofuka na yanayouma, lakini kazi iliyofanywa nchini Ghana na kuchapishwa mwaka 2001 iliitumia kama tiba ya kwanza ya upasuaji kwa glaukoma ya pembe wazi: karibu nusu ya macho yalishuka presha kwa asilimia 20 au zaidi. Nusu nyingine haikufika hapo, na baadhi ya macho yalipungua uoni. Takwimu hizo mbili zinatosha kumfanya mgonjwa aelewe kwamba tiba hii ni nzito, wala haina dhamana.

*Leza ya mapigo madogo* hutumia mwanga ule ule wa dayodi, ila huutoa kwa vipande: huwaka nusu ya elfu moja ya sekunde, huzimika mara mbili ya muda huo, huwaka tena. Tishu hupoa katikati ya mapigo, kwa hiyo huchomeka kidogo. Uvimbe na maumivu huwa pungufu, na daktari huwa tayari zaidi kuitumia kwa jicho ambalo bado linaona. Mashine yake ni ghali kuliko ile ya kawaida.

Nani anafaa, nani hafai

Leza ya siliari inamfaa mgonjwa ambaye presha yake imekataa matone, ambaye upasuaji wa kutengeneza njia mpya ya maji umeziba au hauwezekani, ambaye hawezi kulala kwa upasuaji mrefu, au ambaye jicho lake limepofuka na linamnyima usingizi kwa maumivu. Upasuaji wenyewe usisahaulike: kwa mgonjwa mwenye uoni mzuri na anayeweza kuhudhuria kliniki mara kwa mara, mara nyingi ndio unaoshusha presha chini zaidi. Lakini kovu huziba njia hiyo kwa urahisi zaidi kwa watu wenye asili ya Kiafrika, na wiki za kwanza baada ya kisu hudai kuonwa na daktari kila mara. Mtu atakayevuka mto kurudi kijijini siku ya tatu hapati uangalizi huo.

Tahadhari ni kwa jicho la pekee, yaani pale jicho jingine limeshapotea. Hapo daktari huanza na nguvu ndogo, au huchagua mapigo madogo, au SLT ikiwa pembe inaruhusu. Jicho lenye maambukizi husubiri. Jicho lenye uvimbe wa ndani hutulizwa kwanza. Mwenye kisukari aanze dawa ya sukari na achunguzwe retina, kwani kushusha presha bila kuishughulikia mishipa mipya ni kutibu nusu ya ugonjwa.

Kabla ya kuondoka Opala

Safari ya bure ndiyo hasara kubwa kuliko zote, na huepukwa kwa simu moja. Muuguzi mkuu au daktari wa Zoni ya Afya huulizia hospitali inayopokea mambo matatu. La kwanza ni aina ya leza iliyopo na kama inafanya kazi wiki hiyo. Mashine ya YAG ya kutoboa irisi haifanyi kazi ya dayodi, na jibu la «leza ipo» peke yake halimsaidii mgonjwa. La pili ni gharama yote kwa pamoja: kumwona daktari, vipimo, sindano ya ganzi, leza yenyewe, matone ya baadaye na marudio. La tatu ni siku za kliniki na jina la atakayepima presha baada ya leza.

Mahali pa kuanzia kuuliza ni Kliniki za Chuo Kikuu cha Kisangani. Mgonjwa asiyeweza kusaidiwa Kisangani hutumwa mbali zaidi. Hospitali ya Saint Joseph iliyoko Limete, Kinshasa, imekuwa kwa muda mrefu mahali pa kufundishia wataalamu wa macho wa Afrika ya Kati.

Kutoka Opala njia ni mbili. Barabara hupitika kwa pikipiki kuliko kwa gari, na mvua huamua siku. Mto Lomami hushuka hadi Isangi, unapoingia kwenye mto Kongo. Kutoka hapo ni kupandisha hadi Kisangani kwa mtumbwi wa injini au balenieri, yaani boti kubwa ya mbao. Njia yoyote itakayochaguliwa, mahesabu yajumuishe siku za kukaa mjini baada ya matibabu. Mgonjwa wa leza ya siliari anatakiwa kubaki Kisangani walau wiki moja. Ndugu wa kumsindikiza ni wa lazima: jicho moja litafungwa, na huenda jingine haliongozi vizuri.

Mfukoni viwemo karatasi ya rufaa, kadi yenye vipimo vyote vya presha vilivyopita na tarehe zake, chupa zote za matone hata zilizoisha, na orodha ya vidonge. Matone hayaachwi kwa sababu ya safari, na siku ya leza yenyewe hutiwa kama kawaida isipokuwa daktari ameagiza vingine. Mgonjwa ataje wazi kama ana pumu, kisukari, siko seli, au kama dawa yoyote iliwahi kumdhuru. Siko seli ina uzito wa pekee, kwani vidonge vya asetazolamidi, vinavyotolewa kushusha presha haraka, vinaweza kumletea matatizo mwenye ugonjwa huo. Mwenye mzio wa dawa za salfa naye autaje mapema.

Siku ya leza ya siliari

Daktari hupima uoni, hupima presha, huangalia pembe na neva, na kuandika yote kabla ya kugusa chochote. Bila namba za kabla, za baadaye hazina maana.

Mgonjwa hulala chali. Sindano ya ganzi hudungwa pembeni mwa jicho. Inauma kwa sekunde chache, kisha jicho hufa ganzi na kuacha kucheza. Watoto, na watu wazima wasioweza kutulia, hupewa nusukaputi. Kope hushikwa wazi kwa waya mdogo. Daktari hushika kijiti chenye uzi wa mwanga ndani, ambacho mguu wake umechongwa ukae sawasawa kwenye ukingo wa konea, ili mwanga uingie milimita moja na kitu nyuma ya ukingo huo, juu kabisa ya mwili wa siliari. Chumba kizima huvaa miwani ya kinga.

Kwa njia ya kawaida, kila pigo huchukua sekunde mbili kwa nguvu ya miliwati 1500 hadi 2000. Daktari husikiliza. Mlio mdogo wa «pop» unamwambia kwamba tishu imechemka na kupasuka ndani, naye hupunguza nguvu hadi mlio ukome. Macho yenye rangi nyingi hufyonza mwanga zaidi, hivyo mlio huo husikika mapema na nguvu hushushwa mapema. Wengine hutumia njia ya polepole: nguvu ndogo, miliwati 1250 hivi, kwa sekunde nne, ili nyama iive bila kupasuka. Kijiti husogezwa kidogo kidogo kulizunguka jicho, mapigo 16 hadi 20, kikiruka pande za saa tatu na saa tisa za uso wa saa, ambapo neva na mishipa mirefu hupita. Kazi yote humalizika ndani ya dakika chache. Kwa mapigo madogo, kijiti huburuzwa huku na huko juu ya nusu ya juu ya jicho, kisha ya chini, kwa sekunde 80 hivi kila nusu, nacho huruka pande zile zile mbili.

Mashine ya dayodi ni sanduku linalobebeka mkononi na huendeshwa kwa umeme wa kawaida. Kwa sababu hiyo imekuwa rahisi kupelekwa kwenye hospitali zinazotegemea jenereta. Kazi ikiisha, jicho hufungwa kwa kibandiko hadi kesho yake.

Wiki za kwanza

Maumivu huanza ganzi inapoisha, huwa makali zaidi usiku wa kwanza, na kwa kawaida parasetamoli huyatuliza. Jicho huwa jekundu na kutoa machozi, na uoni hupungua kwa siku kadhaa. Daktari huagiza matone ya kupunguza uvimbe, mara nne kwa siku, yanayopunguzwa taratibu kwa wiki mbili hadi nne, na atropini ya kutuliza misuli ya ndani kwa wiki moja au mbili. Atropini huacha mboni wazi, kwa hiyo jua hukera na maandishi ya karibu hayasomeki mpaka iishe nguvu. Chupa yake ifichwe mbali na watoto, maana ni sumu kwa anayeinywa, na isitiwe kwenye jicho ambalo daktari hakuliagizia.

Hapa ndipo penye kosa linalotokea mara nyingi: kuacha matone ya glaukoma siku ya leza. Leza haionyeshi nguvu yake yote mpaka wiki nne hadi sita zipite, na katikati ya muda huo presha inaweza hata kupanda. Daktari ndiye huondoa dawa moja baada ya nyingine, kwa kawaida akianza na vidonge vya asetazolamidi.

Kuoga mwili ni ruhusa. Maji ya mtoni yasiingie jichoni kwa wiki mbili. Kusugua jicho hakuruhusiwi. Jembe, shoka na mizigo mizito visubiri wiki hizo mbili. Anayerudi kwa pikipiki avae miwani inayofunika pande zote kwa ajili ya vumbi na wadudu.

Dalili zifuatazo hurudisha mgonjwa hospitalini bila kungoja tarehe: maumivu yanayozidi badala ya kupungua baada ya siku ya tatu, uoni unaozimika ghafla, usaha, damu inayoonekana mbele ya irisi, kutapika pamoja na maumivu ya jicho, au jicho linalolegea na kunywea. Dalili moja huweza kuja wiki au miezi baadaye: jicho *lile jingine* kuwa jekundu, kuogopa mwanga na kuona ukungu. Ni nadra sana, lakini humaanisha mwili umeanza kulishambulia jicho zima, na tiba ya mapema pekee ndiyo huliokoa.

Ufuatiliaji na kurudia

Ratiba ya kawaida ni kupimwa siku ya kwanza, wiki ya kwanza, wiki ya nne hadi ya sita, mwezi wa tatu, kisha kila baada ya miezi mitatu hadi sita maisha yote. Kwa mgonjwa wa Opala, vipimo viwili vya kwanza hufanyika kabla hajaondoka Kisangani. Vinavyofuata vinaweza kufanywa karibu na nyumbani ikiwa hospitali kuu ya rejea ina tonometa, yaani kipimo cha presha ya jicho. Ile ya Schiøtz, ya chuma, inayowekwa juu ya jicho lililotiwa ganzi mgonjwa akiwa amelala, haihitaji umeme wala betri, na muuguzi hujifunza kuitumia kwa mazoezi ya siku chache. Namba na tarehe huandikwa kwenye kadi, kisha hutumwa kwa simu kwa daktari aliyepiga leza.

Kurudia leza ya siliari ni jambo la kawaida na si dalili kwamba daktari wa kwanza alikosea. Wataalamu wengi huanza kidogo kwa makusudi, kwa sababu jicho lililopigwa pungufu linaweza kuongezwa, lakini lililopigwa kupita kiasi hukaukiwa maji, hulegea na kusinyaa, wala hakuna dawa ya kulirudisha. Marudio hayafanywi kabla athari ya kwanza haijapimwa baada ya wiki hizo nne hadi sita. SLT nayo hupungua nguvu kadiri miaka inavyopita, na mgonjwa aliyeachana na matone anaweza kupandwa na presha upya bila kuhisi kitu. Kupimwa ndiyo njia pekee ya kujua.

Presha ikibaki juu baada ya leza kurudiwa, yapo mengine: upasuaji, au mrija mdogo wa kutolea maji unaopandikizwa ndani ya jicho, ambao hupatikana kwenye hospitali kubwa za miji mikuu. Kwa jicho lililokwisha kupofuka na bado linauma, lengo hubadilika likawa usingizi wa mgonjwa. Leza inaweza kutosha. Isipotosha, sindano ya spiriti nyuma ya jicho au kuondoa kilichomo ndani ya jicho humaliza mateso hayo, na baadaye jicho la bandia huweza kuvaliwa.

Ndugu wa mgonjwa

Glaukoma ya pembe wazi hutembea katika ukoo. Kaka, dada na watoto wa mgonjwa wana hatari kubwa kuliko watu wengine, ndugu wa tumbo moja wakiwa mbele. Kila aliyefikisha miaka 35 hadi 40 katika familia hiyo apimwe presha na kuangaliwa neva, hata kama anaona vizuri, na asiyekutwa na kitu arudie baada ya mwaka mmoja au miwili. Ndugu anayemsindikiza mgonjwa Kisangani achunguzwe siku hiyo hiyo, kwa nauli ile ile. Akikutwa na ugonjwa mapema, huenda leza ya chujio ya dakika chache au tone moja kwa siku likamtosha, naye asihitaji kamwe leza ya siliari.